Ardhi Bado

Mwaka ule viazi vyetu vilichelewa, na lawama zote tulimtupia Donat Brazeau.

Kila asubuhi tulimwona akipanda kilima cha makaburi na mtaimbo begani. Alikuwa akiuchomeka hapa, akiuchomeka pale, anatikisa kichwa, anashuka. Ukimvizia kwenye lango la kanisa na kumuuliza, jibu lake lilikuwa moja tu: "Ardhi bado." Na wewe mwenyewe umesimama kwenye tope hadi kwenye vifundo vya miguu, barafu ya mtoni imeshaondoka, visubi vinakung'ata nyuma ya masikio, halafu unaambiwa ardhi bado! Mimi si mtu wa kukaa na jambo mdomoni, lakini hata mimi nilinyamaza.

Hapa Val-Rosaire, mtu akifa wakati wa baridi hazikwi. Udongo wetu ni mfinyanzi, na ukishaganda hata sururu inaruka. Jeneza linawekwa kwenye kijumba cha mawe nyuma ya kanisa, tunakiita Nyumba ya Kungojea, na linakaa humo mpaka theluji iishe. Aliyeingia kwanza ndiye anayetoka kwanza, wala hakuna kurukana. Na mpaka wote watoke, hakuna anayepanda hata kiazi kimoja. Mama yangu alisema ni suala la adabu tu: huwezi kuifungulia mbegu ardhi huku watu wako wamewekwa mlangoni. Ni desturi nzuri, ila majira yetu ya joto ni mafupi. Kiazi kikichelewa kuingia, baridi inakikuta kingali kama gololi.

Mwaka ule walikuwa watatu mle ndani. Mama Hurtubise, aliyekufa Januari. Mzee mmoja wa kiwanda cha mbao, aliyemfuata Februari. Na mbele yao wote, tangu Novemba, alikuwamo Exilda, mke wa Donat mwenyewe. Ndiyo maana tukanyamaza.

Mimi naitwa Laurette Gagnier. Niliendesha basi la shule mpaka shule ikakosa watoto. Nyumba yangu na ya Donat zinatenganishwa na shamba moja tu, na kwa dirisha la jikoni kwangu naiona meza yake akiwasha taa. Kwa hiyo ninayoyasema hapa mengine niliambiwa, lakini mengi niliyaona.

Donat aliletwa huku akiwa mtoto, kwenye treni iliyojaa familia za Québec, enzi zile ambapo serikali na mapadri waliwaambia maskini kwamba kaskazini kuna ardhi ya bure. Hawakudanganya, ardhi ilikuwapo. Walichosahau kusema ni kwamba juu ya ardhi hiyo kuna msitu, na juu ya msitu kuna theluji. Baba yake alikata misonobari mpaka mgongo ukagoma. Donat alipobaleghe tu akaenda kambi za magogo, na huko akajifunza mambo mawili: kupiga shoka na kunyamaza. La kwanza lilimlisha. La pili lingemponza maisha yake yote kama asingemuoa Exilda Rancourt.

Exilda alisema kwa niaba ya wawili. Alibishana na padri, alibishana na mvua, na redio akaijibu kila sentensi. Ukiingia kwake anakukalisha kwa nguvu, anakuchemshia kahawa nzito kama lami, ungeweza kuezekea nyumba. Yeye mwenyewe hakuigusa. Alikuwa mtu wa chai tangu usichana, kahawa ilimpiga moyo, kwa hiyo hakujua anatutendea nini. Tulikunywa kwa heshima yake, tukafika nyumbani tukakesha.

Walizaa mtoto mmoja, Gisèle. Homa ikamchukua kabla hajajua kutembea. Hilo Exilda alinisimulia mara moja tu, na ndiyo siku pekee niliyomsikia akiongea taratibu.

Ili mwone uzito wa siku hiyo, lazima niseme jinsi kaburi linavyochimbwa kwetu. Mtu hamchimbii wa kwake. Baba hamchimbii mwana, wala mume hamchimbii mke, hilo halifanyiki. Na mfiwa haombi kaburi. Unaweza kumwomba padri misa, ukamwomba jirani mkate, lakini kaburi haliombwi kwa mdomo. Mchimbaji ndiye anayekuja, mwenyewe, wiki ileile ya msiba, hata kama ardhi itafunguka Mei. Anabisha mlango hata ukiwa wazi. Anavua kofia, anasema, "Nimekuja kumtengenezea fulani mahali pake." Wenye nyumba wanajibu, "Ingia, tulikuwa tunakungoja." Anapewa kahawa. Anainywa yote, anaaga, basi. Tangu jioni ya kifo, kikombe chake kinakuwa kimeshawekwa mezani.

Alipokufa Gisèle, mchimbaji alikuwa mzee Wilbrod Séguin. Exilda alisema Donat alikuwa hajatoa neno wala chozi tangu asubuhi, ameketi tu kama gogo. Wilbrod akabisha, akasema maneno yake, na Donat akajibu yeye, si Exilda. "Ingia, tulikuwa tunakungoja." Halafu akalia mpaka Wilbrod akamaliza kahawa. Exilda aliniambia, "Siku ile ndipo nilipojua nimeolewa na mtu."

Wilbrod alipokufa, Donat hakungoja kuteuliwa. Jioni ile ile alikwenda kubisha kwa mjane wake. Toka hapo akabisha kila nyumba ya Val-Rosaire iliyopata msiba, miaka nenda rudi. Kwangu alibisha alipokufa mume wangu Rhéal, siku ya tufani ambayo greda la theluji lenyewe lilishindwa kutoka. Alikuja kwa miguu, nyusi zimeganda. "Nimekuja kumtengenezea Rhéal mahali pake." Mahubiri ya padri ya siku ya mazishi siyakumbuki hata neno moja. Hayo ya Donat nayakumbuka, na harufu ya sufu yake mbichi ilivyokuwa ikikauka pembeni ya jiko langu.

Sasa rudi Novemba ile. Exilda alianguka jikoni akiwa katikati ya ubishi na redio. Donat alivuka shamba bila kofia, akasimama kwenye ngazi zangu, akashindwa kusema. Nilijua Exilda amekufa kwa sababu nyumba yao ilikuwa kimya.

Tulimtendea vizuri, au ndivyo tulivyojiambia. Pai za nyama zilimiminika mpaka akakosa pa kuziweka. Supu ya njegere, kuni zilizopasuliwa, soksi. Binamu yangu Conrad Hurtubise alimletea mguu mzima wa nyama ya porini. Wanaume walibeba jeneza hadi Nyumba ya Kungojea, padri akaja kutoka mjini akasoma, mlango ukafungwa, ufunguo akabaki nao Donat kama siku zote.

Baridi nzima alikuwa akienda kule. Theluji ikianguka usiku, asubuhi njia ya Nyumba ya Kungojea ilikuwa imesafishwa kabla ya njia ya kanisa lenyewe. Alikuwa akigeuza ndoo, anaikalia nje ya mlango wa mawe, anakaa mpaka ndevu zinakuwa nyeupe kwa pumzi yake. Sijui alimwambia nini. Pengine hakusema kitu. Pengine alikuwa anangoja Exilda aanze, kama alivyozoea.

Jioni taa yake ikiwaka niliona meza. Na juu ya meza, kila siku, vikombe viwili. Kimoja mbele yake, kingine upande wa pili, kwenye kiti kinachotazama mlango. Kiti kitupu. Donat anakaa, ananyanyua macho kwenye mlango, anashusha.

Nilimwambia Conrad tulipokutana dukani. "Masikini, bado anamwekea Exilda kikombe."

"Kichwa kinamwondoka," Conrad akasema.

"Kichwa chake kizima. Moyo ndio umepasuka."

"Basi tumwache, jamani. Tusimsumbue."

Habari ikazunguka kijiji, na kila aliyeisikia alitikisa kichwa akasema hivyohivyo, tumwache. Huo ndio ulikuwa wema wetu. Pai zikapungua, kwa sababu hakuna aliyetaka kuingia akute kile kikombe asijue pa kuweka macho. Kufikia Krismasi hakuna aliyevuka kizingiti chake. Wakati wa misa ya usiku wa Noeli alikaa benchi ya nyuma, karibu na mlango, akatoka kabla ya kupeana mikono.

Januari Mama Hurtubise, mama yake Conrad, akafa, na jioni ileile nani akabisha kwa Conrad? Donat. Conrad alinisimulia. Alisema maneno, akaitikiwa, akanywa kahawa yake yote. Lakini alipomaliza hakunyanyuka. Alibaki amekaa, kofia magotini, anamtazama Conrad usoni.

"Ananitazama tu, Laurette. Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani kwako. Nikamuuliza, mzee, nikuongeze? Akasema hapana. Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Pale mlangoni akageuka tena akanitazama."

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini mimi? Nikamwambia angalia ngazi, zina barafu."

Baridi ikapita, siwezi kusema vipi. Huku kwetu baridi haipiti, inachoka. Maji yakaanza kutiririka chini ya theluji, bata-bukini wakarudi wakipiga kelele, mipopla ikatoa majani mekundu kwenye ncha. Watu wakatoa viazi vya mbegu kutoka vyumba vya chini ya nyumba, wakavikata, wakavianika. Vikachipua. Vikarefuka machipukizi. Na Donat akapanda kilima na kushuka.

"Ardhi bado."

Padri alikuja wiki ya misa yake, akauliza, akajibiwa hivyo, akarudi zake mjini. Tukangoja. Visubi vikaja. Jumapili moja baada ya kusali rozari, Conrad alinishika mkono nje ya kanisa, uso umemwiva.

"Binamu, hivi viazi tunapanda au tunavitunza kama paka?"

"Usinipigie kelele mimi, mtaimbo si wangu."

"Mama yangu maisha yake yote alikuwa wa kungoja. Kamngoja baba arudi kutoka kambini, kangoja umeme, kangoja barabara. Sasa na kaburi angoje? Ardhi imelainika, Laurette, ng'ombe wangu anazama!"

"Mwache mzee wa watu."

"Nimemwacha tangu Noeli! Nikimwacha zaidi ya hapo theluji itarudi." Akashusha sauti. "Hataki kumtoa Exilda, kila mtu anajua. Akimzika hana tena pa kwenda asubuhi. Namwonea huruma, Mungu shahidi yangu. Ila mtu lazima amwambie."

"Kamwambie basi. Mama aliyemo ni wako."

"Ndiyo maana siwezi! Mimi ni mfiwa. Mfiwa anaanzaje kuulizia kaburi? Nenda wewe, una mdomo."

Nilicheka. Nilicheka kweli, pale nje ya kanisa, kwa hilo la mdomo. Yale mengine aliyoyasema yalipita masikioni mwangu kama upepo.

Nilikwenda siku hiyohiyo mchana, na sahani ya pai ya sukari ili nisionekane nimekwenda kugomba. Donat alikuwa uani anapangusa mtaimbo kwa gunia. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa limefuliwa lakini halikupigwa pasi, na vifungo vilikuwa vimekosea matundu.

"Hujambo, Mzee."

"Sijambo, Laurette."

"Ardhi?"

"Bado."

Hapo hasira ikanipanda, si uongo. Niliweka sahani juu ya gogo, nikamnyang'anya mtaimbo mkononi, nikauchomeka pale pale uani kwake, kwa nguvu zangu zote za kike. Ukazama. Ukazama mpaka nikapiga magoti kwenye tope nikiwa nimeushikilia.

"Na hii ni nini, Donat? Hii ni uji?"

Aliutazama mtaimbo uliosimama wenyewe. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa.

"Nisikilize," nikamwambia, nikijipangusa magoti. "Hakuna anayekulaumu. Mimi nilimzika Rhéal, najua. Ukimtoa mle ndani unaona kama umemfukuza. Lakini si haki, Mzee. Si haki kwa Mama Hurtubise wala kwa watoto wa yule wa kiwandani. Na si haki kwako."

"Wale wawili niko tayari kuwachimbia leo," akasema. "Mahali pao nimeshapapima."

"Basi wachimbie!"

"Yeye ndiye wa kwanza."

"Basi mtangulize yeye! Unangoja nini?"

Akauchomoa mtaimbo, akauegemeza ukutani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Karibu ndani," akasema. "Kuna visubi."

Nikaingia nyuma yake. Sikuwa nimeingia mle tangu wiki ya msiba. Jiko lilikuwa safi kupita kiasi, hakuna kitu kilichosogezwa. Redio ilikuwa imefunikwa kitambaa. Na mezani, vile vikombe viwili, mchana kweupe. Cha pili kilikuwa kile cha bati chenye ua la bluu, cha wageni. Nikaona kama nimefika hapa, nimalize.

"Donat, mzee wangu. Hiki kikombe kiondoe. Exilda hatakunywa kahawa tena."

Akanitazama. Miaka yote niliyomjua, sijawahi kumwona akimtazama mtu vile, kama anayetazama mtu aliyepungukiwa na akili.

"Exilda hakunywa kahawa hata siku moja," akasema. "Alikunywa chai. Umeshasahau, Laurette?"

Sikuwa nimesahau. Nilijua tangu ujana wangu. Nilinywa ile lami yake mara ngapi, naye mbele yangu na chai yake? Na baridi nzima nilikitazama kile kikombe kwa dirisha langu nikakipa mwenyewe ambaye asingekigusa.

"Sasa kikombe cha nani?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka bila mimi kuishusha.

Alivuta kiti chake akakaa. Aliuangalia mlango.

"Cha atakayekuja," akasema.

Nilitoka. Hata sikuaga. Nilivuta mlango ukafungika nyuma yangu, nikasimama kwenye ngazi nimeshika ukingo wa mbao, visubi vikanila uso nisivifukuze. Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, na Mei hii inayokwisha. Kijiji kizima kilipita mlango ule na pai na kuni na huruma, na hakuna hata mmoja aliyebisha. Mchimbaji ni yeye, tulijua hivyo kama tunavyojua kanisa liko wapi. Haikutujia hata siku moja kwamba mchimbaji naye hufiwa, na kwamba hawezi kumchimbia mkewe, na hawezi kuomba. Alikwenda mpaka kwa Conrad akamtazama usoni. Akaambiwa angalia ngazi. Akarudi, akaweka kikombe, akaangalia mlango. Na asubuhi akapanda kilimani kutudanganya, ili asije akatuaibisha.

Nililia pale. Sijui kwa muda gani. Nilitamani nimkimbilie Conrad, au mwanamume yeyote mwenye mgongo mzima, nimwambie njoo ubishe. Mwanamke hajawahi kuchimba kaburi kwetu. Kisha nikafikiria jioni moja zaidi ya kile kikombe, nikaona hapana.

Nikajipangusa uso kwa aproni. Sikuwa na kofia, nikavua kitambaa cha kichwa nikakishika mkononi. Nikabisha.

Nilisikia kiti kikiburutwa. Halafu maji yakimwagika kwenye beseni, na nikajua ananawa uso. Mlango ulipofunguka, alikuwa amevaa koti lake la misa, na vifungo vya shati amevipanga upya.

"Donat," nikasema, "nimekuja kumtengenezea Exilda mahali pake."

Midomo yake ilicheza kwanza bila sauti.

"Ingia," akasema. "Tulikuwa tunakungoja."

Kahawa ilikuwa ya asubuhi, imechemka mpaka imekuwa nzito, chungu kuliko hata ya Exilda. Niliinywa yote. Yeye alilia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, mikono imelala mezani, na mimi sikumwambia nyamaza.

Siku iliyofuata nilipanda kilima na koleo la marehemu Rhéal. Nilichimba vibaya sana. Pembe zilipinda, upande mmoja ukabomoka, na mikono ikanitoka malengelenge. Donat alisimama kwenye uzio wanaposimama wafiwa, kofia mkononi, hakunisahihisha hata kwa jicho. Adhuhuri Conrad akatokea na sururu yake. Nilikuwa nimeshamwambia. Alikwenda moja kwa moja kwa Donat akasimama mbele yake, akamshika bega. Kisha akashuka shimoni kwangu.

"Toka huko, binamu," akaninong'oneza. "Unachimba kama kuku."

"Nipishe wewe, mimi ndiye niliyebisha."

Tukamaliza pamoja. Exilda akazikwa kando ya Gisèle. Jioni Donat akachukua koleo lake mwenyewe akamchimbia Mama Hurtubise, kisha yule mzee wa kiwandani, kwa mistari iliyonyooka, na wiki ile ile kijiji kizima kikapanda viazi. Vilitoka vidogo. Hakuna aliyelalamika, na Conrad alikuwa wa kwanza kusema vidogo ndivyo vitamu.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo hakuwa mpweke, lakini ningedanganya. Alikuwa mpweke. Redio hakuifunua. Nilivuka shamba jioni nyingi, tukakaa, akanyamaza, na akafurahi kwa namna yake. Vijana waliondoka kwenda mijini, wakaiacha lugha yetu wakaanza kuota ndoto kwa Kiingereza, misa ikawa mara moja kwa mwezi. Aliendelea kubisha milango ya wafiwa mpaka magoti yakakataa, kisha Conrad akamrithi. Jioni moja, tumekaa, akasema bila mimi kuuliza:

"Nikifa mimi, Laurette, itakuwa shida."

"Shida gani? Nitakuja kubisha."

"Utambishia nani? Ndani hamtakuwa na mtu."

Nikamwambia, "Nitabisha tu. Mengine si kazi yako."

"Basi bisha kwa nguvu," akasema. "Mlango ule ni mzito."

Alikufa Februari, hospitalini mjini, alikopelekwa asubuhi kwa gari la Conrad akiwa bado anatembea mwenyewe. Jioni niliyopata habari nilivaa viatu vya theluji nikavuka shamba. Hakukuwa na taa. Nilivua kitambaa, nikabisha kwa nguvu, mara ya kwanza na ya pili, na nikasema maneno yangu mbele ya mlango uliofungwa, "Nimekuja kumtengenezea Donat mahali pake." Nikangoja kwa muda ambao mzee angechukua kutoka kwenye kiti hadi mlangoni. Kisha nikasukuma, nikaingia.

Jiko lilikuwa limezimika, baridi ya ndani na ya nje ni moja. Nikawasha kibiriti nikatafuta taa. Mezani, upande unaotazama mlango, kilikuwapo kile kikombe cha bati chenye ua la bluu, kimefunikwa kisahani kisiingie vumbi. Alikuwa amekiweka asubuhi ile, kabla ya kupanda gari.

Niliwasha jiko, nikachemsha kahawa, nikakaa kwenye kiti changu, nikainywa yote.